Mwanafunzi akianguka kwenye mkeka: mwongozo kamili wa huduma ya kwanza na CPR kwa walimu wa yoga Bagamoyo

Walimu wengi wa yoga ninaokutana nao Bagamoyo tayari wana cheti cha huduma ya kwanza. Wanajua mikono huwekwa wapi, na 30 kwa 2 ya CPR, yaani kukandamiza kifua mara 30 kisha kupuliza pumzi 2, wanaitaja bila kufikiri. Lakini waweke mbele ya mdoli wa mazoezi bila kuwaambia waanze lini, na makosa ni yaleyale. Wanamtazama mgonjwa kwa muda mrefu mno, wanakandamiza kwa woga, kisha wanaacha kila baada ya sekunde chache kuangalia kama ameamka.

Makosa hayo matatu yanaua. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa hupunguza nafasi ya kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Gari la kutoka hospitali haliwezi kukuwahi kwa kasi hiyo, hata ukiwa unafundisha katikati ya mji.

Mwongozo huu haukutoshi bila mkufunzi na mdoli. Usome kabla ya mafunzo ili ujue cha kudai, na uusome tena baadaye ili mikono isisahau.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu yenye chaji na salio, isiyozimwa wakati wa darasa. Iweke kimya ukitaka, lakini iwe mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuichukua.
- Karatasi ngumu yenye namba: 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba ya hospitali iliyo karibu, na namba za madereva wawili wenye gari ambalo mtu anaweza kulazwa.
- Glovu na kinga ya plastiki ya kupulizia mdomoni.
- Gozi, bandeji, plasta na mkasi unaokata nguo.
- Sukari au glukosi, na maji safi ya kunywa.
- Kanga moja kuukuu. Ukiikunja pembetatu unapata kitanzi cha kuning'iniza mkono, ukiilowesha unapooza mwili, na ukiitandaza unamsitiri mgonjwa.
- Daftari la mahudhurio lenye nafasi ya maelezo ya afya.
- Kwa mazoezi: mdoli ukiupata. Ukiukosa, mto wa sponji ngumu uliowekwa sakafuni.

Onyo: usifanye mazoezi ya kukandamiza kifua cha mtu aliye mzima. Unaweza kumvunja mbavu au kuvuruga mapigo ya moyo wake.

## Hatua ya 1: Ijue afya ya mtu kabla hajakunja miguu

Kila anayeingia mara ya kwanza mwulize kando, bila wengine kusikia: presha, moyo, pumu, kisukari, kifafa, ujauzito, upasuaji wa karibuni, matatizo ya shingo au macho, dawa anazotumia. Mwulize pia kama ana dawa hizo hapo alipo na ziko kwenye mfuko gani.

Sababu ni kwamba maelezo haya hubadilisha unachofanya. Mwenye kisukari akianza kutoka jasho na kuongea ovyo, wa kwanza kushukiwa ni sukari iliyoshuka. Mwenye presha ya juu hapinduliwi kichwa chini, wala hasukumwi kwenye pumzi za haraka zenye nguvu. Mjamzito vilevile.

Mwezi wa Ramadhani uliza tena, hata kwa wanafunzi wa zamani. Aliyefunga na akaja darasani alasiri hana maji ya kutosha mwilini. Mwambie mapema kwamba akijisikia vibaya atafungua saumu, na uwe na maji na sukari karibu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja, bila kufungua daftari, nani katika darasa la leo ana pumu na kipulizi chake kiko wapi.

## Hatua ya 2: Pima njia ya kutokea

Madarasa mengi hapa hufanyika kwenye bustani za hoteli, juu ya paa, au ufukweni alfajiri kabla jua halijawa kali. Mahali pazuri kwa utulivu mara nyingi ni pabaya kwa dharura. Geti limefungwa, mlinzi yuko mbali, gari haliwezi kukanyaga mchanga.

Tembea kwa miguu kutoka mkekani hadi pale gari linapoweza kusimama. Mwonyeshe mlinzi. Nenda mwenyewe Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, uliza mapokezi ni namba gani hupokewa usiku na mchana, uiandike na uipige ukiwa palepale uone kama inaita.

Bajaji ni msaada mkubwa kwa kifundo kilichoteguka. Kwa mtu asiyepumua haifai kabisa. Atakaa amekunjika na hakuna atakayepata nafasi ya kumkandamiza kifua. Tafuta Noah, Hiace au pikapu.

Kabla ya kila darasa chagua watu wawili kimyakimya: mmoja wa kupiga simu, mmoja wa kukimbilia getini. Ukipaza sauti "jamani, mtu apige simu!" kila mmoja atamwangalia mwenzake. Ukisema "Mwanaidi, piga namba ya hospitali, niambie wamesema nini", simu itapigwa.

## Hatua ya 3: Tafuta mafunzo ya mikono, siyo ya maneno

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hufundisha huduma ya kwanza kazini. Walimu kadhaa mkijiunga, ni rahisi kumwomba mkufunzi aje Bagamoyo kuliko kila mmoja kupanda basi kwenda Dar es Salaam.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya. Je, kila mshiriki atakandamiza mdoli kwa dakika 2 kamili bila kupumzika? Kuna mdoli wa mtoto? Kuna mashine ya mazoezi ya kushtua moyo? Tutajifunza kuhusu mtu aliyezama? Kwenye mji wa pwani, swali hilo la mwisho si la ziada.

Mafunzo ya kukaa kwenye viti na kutazama picha ukutani hayakutoshi, hata cheti chake kiwe na mhuri mzuri namna gani.

## Hatua ya 4: Tambua ndani ya sekunde 10

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mwalimu wa yoga ana ugumu wake wa pekee. Katika kazi yetu, mtu aliyelala chali, macho yamefumbwa, hajibu wala hajongei, ndiye aliyefanya vizuri. Shavasana, mkao wa kulala chali mwishoni mwa darasa, hufanana mno na mtu aliyepoteza fahamu. Punguza taa, weka kitambaa machoni, fungulia muziki laini, na hatari inaweza kukaa mbele yako bila kuonekana.

Kwa hiyo usikae na macho yamefumbwa wakati wanafunzi wamelala. Tembea taratibu kati ya mikeka, tazama matumbo yakipanda na kushuka. Wakati wa kuwaamsha, waambie wachezeshe vidole vya mikono na miguu, kisha mtazame kila mmoja. Asiyechezesha, mfuate.

Ukifika kwake:

1. Angalia usalama wenu: waya wa umeme, wimbi, kitu kinachoweza kuanguka.
2. Mwite jina kwa sauti kubwa na umgonge mabega yote mawili kwa nguvu. Ustaarabu wa kunong'ona uache hapo.
3. Asipojibu, mtaje kwa jina yule wa kupiga simu. Simu iwekwe spika.
4. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo, tazama kifua na sikiliza pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10.

Sasa jambo ambalo ningependa lishike akilini kuliko yote humu. Moyo ukiwa umesimama, mtu anaweza kuendelea kwa muda kufungua mdomo na kuvuta hewa kwa mikupuo, kama samaki aliyetolewa majini, au kukoroma kwa sauti nzito yenye nafasi ndefu katikati. Hiyo siyo kupumua. Ni dalili ya moyo uliosimama. Walioko pembeni watasema "bado anapumua huyo, mpepee", na dakika zitapotea kwa kumpepea na kummwagia maji usoni.

Wakati mwingine mwili hutikisika kwa sekunde chache moyo unaposimama, na watu husema ni kifafa. Mtikisiko ukiisha, angalia pumzi upya.

Usihangaike kutafuta mapigo ya moyo mkononi au shingoni. Hata wauguzi hukosea wakiwa na haraka. Hajibu na hapumui kawaida, anza. Ukianza kumbe moyo ulikuwa unapiga, huenda akajikunja au kukusukuma, na hapo utaacha. Madhara ya kuchelewa ni makubwa zaidi.

## Hatua ya 5: Kandamiza kifua

Toa boli (mito mirefu ya yoga), mito na blanketi chini yake. Mkeka wa kawaida wa yoga hauna shida kwa kuwa ni mwembamba. Ufukweni, mvute hadi kwenye mchanga mbichi ulioshindiliwa na maji, mbali na wimbi, au kwenye sakafu kama ni hatua chache tu. Kwenye mchanga mkavu mwili wote huzama na nguvu yako inaishia chini.

Piga magoti ubavuni mwake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, mabega yawe juu kabisa ya mikono, kisha shusha uzito wa mwili.

Kina: sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Ni kina kirefu kuliko unavyodhani. Huenda ukasikia mbavu zikilia au kuvunjika. Endelea. Mbavu huunga.

Kasi: mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kuachia: kila ukishuka, kiachie kifua kiinuke chote bila kuondoa mikono. Moyo hujaa damu wakati huo. Anayeegemea kifua muda wote anasukuma moyo mtupu.

Kuna kikwazo kimoja cha sisi tunaohesabu kwa Kiswahili. Kuanzia moja hadi kumi mambo ni mepesi, lakini ukifika "ishirini na saba" ulimi unachelewa na mikono inaufuata. Kasi inashuka bila wewe kujua. Hesabu moja hadi kumi mara tatu, kwa sauti. Namba hizo kumi zote zina silabi mbili, kwa hiyo mdundo unabaki sawa na unapata 30 zako.

Kuhusu nguo na staha. Kifua hukandamizwa hata juu ya fulana au dera jepesi, huna haja ya kumvua mtu mbele ya darasa. Mashine ya kushtua moyo ikifika ndipo kifua lazima kiwe wazi, na kanga hutumika kumkinga na macho ya watu. Zungumzeni jambo hili siku ya utulivu, hasa kwenye madarasa ya wanawake. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha wanawake wanaoanguka hadharani hukandamizwa kifua mara chache kuliko wanaume, na woga wa kuwagusa ni sehemu ya sababu. Hapa kwetu wengi mnajua masheikh wanavyofundisha kwamba dharura huruhusu yaliyokatazwa. Yeyote aliye karibu aanze.

Mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au zaidi hukandamizwa mahali palepale, ila mtu wa pili asukume tumbo kwa mikono kuelekea kushoto kwa mgonjwa, ili uzito wa mimba usibane mshipa mkubwa wa damu.

Utajua unafanya vizuri ukiona unachoka. Baada ya dakika 2 mikono hulegea hata kama hujisikii, kwa hiyo badilishaneni kila dakika 2, haraka.

## Hatua ya 6: Pumzi mbili, na lini si lazima

Kama umefunzwa na una kinga: baada ya mara 30, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza kwa sekunde 1 hadi kifua kipande. Mara mbili. Rudi kwenye kifua. Kazi yote ya pumzi isizidi sekunde 10. Kisipopanda, rekebisha kichwa mara moja, kisha endelea kukandamiza.

Hujafunzwa, au hutaki kugusa mdomo wa mtu? Kandamiza tu bila kuacha. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, hilo lina faida kubwa.

Aliyezama baharini, na pia mtoto mdogo, ni habari nyingine. Wao huanza kwa kukosa hewa, kwa hiyo pumzi zinahitajika kweli na zinatangulia. Usimning'inize aliyezama miguu juu wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

## Hatua ya 7: Mashine, gari, na lini uache

Uliza hoteli au kituo unachofundishia kama kina mashine ya kushtua moyo, AED. Kama ipo, iletwe mkiwa mnaendelea kukandamiza. Washa, bandika pedi kama picha zinavyoonyesha, fuata sauti. Kifua chenye jasho au maji ya bahari kifute kwanza, la sivyo pedi hazishiki. Mashine ikipima, asimguse mtu. Haitashtua moyo usiohitaji.

Gari likifika, msimkatishe mgonjwa kwa kumbeba huku mikono imeacha. Mlazeni kwenye sakafu ya gari, siyo kwenye kiti. Lakini fahamuni kwamba kukandamiza ndani ya gari linalokimbia ni kugumu na ni hatari kwa anayekandamiza. Dereva aendeshe kwa utulivu.

Acha pale tu anapoanza kupumua kawaida au kujongea, mhudumu wa afya anapochukua nafasi, mahali panapogeuka hatari, au nguvu zinapokwisha kabisa. Akipumua lakini hana fahamu, mgeuze ubavu, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini, na uendelee kuitazama pumzi.

## Hatua ya 8: Yale yanayotokea mara nyingi zaidi

Moyo kusimama darasani ni nadra. Haya utakutana nayo.

Kuzimia. Hutokea mtu akiinuka haraka kutoka kuinama, au kwenye joto la Januari hadi Machi. Mlaze, inua miguu, legeza nguo. Ndani ya dakika moja hivi anapaswa kuzinduka. Asipozinduka, rudi Hatua ya 4. Aliyezimia akiwa katikati ya zoezi, au baada ya kifua kuuma, aende hospitali hata kama anatabasamu.

Sukari kushuka. Jasho, kutetemeka, hasira isiyo na sababu. Kama anameza, mpe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 bila nafuu, rudia. Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni.

Pumu. Mkalishe wima akiegemea mbele, umsaidie kutumia kipulizi chake. Usimlaze. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, gari liitwe.

Kifafa. Ondoa matofali ya yoga na meza, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu wala kiberiti. Mtikisiko ukiisha, mgeuze ubavu. Ukizidi dakika 5, ukirudia, au kama ndiyo mara yake ya kwanza, hospitali. Na wasemao ni mashetani waombe wakae mbali kidogo, mgonjwa anahitaji hewa na staha.

Kukabwa na chakula. Hutokea kwenye chai ya baada ya darasa. Kama hawezi kukohoa wala kusema, mwinamishe, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kisha simama nyuma yake umminye tumbo juu ya kitovu mara 5 kwa kuvuta ndani na juu. Rudia. Mjamzito minya kifua, siyo tumbo.

Kiharusi. Uso umeshuka upande mmoja, mkono hauinuki sawa, maneno yanavurugika. Dalili moja inatosha. Andika saa ilipoanza, maana daktari ataiuliza, na umpeleke mara moja. Usimpe aspirini. Maumivu makali ya ghafla ya shingo pamoja na kizunguzungu au kuona vitu viwili baada ya kusimama kwa kichwa yachukulie kwa uzito uleule: ni nadra, lakini mshipa wa shingo unaweza kuchanika.

Aliyeanguka kutoka kusimama kwa kichwa. Akilalamika shingo au ganzi, asiinuliwe. Mshikilie kichwa kilivyo hadi msaada ufike. Hamu ya kumkanda na kumnyoosha, ambayo sisi walimu tunayo mikononi, izuie kabisa.

## Hatua ya 9: Mazoezi ya kila mwezi

Ujuzi wa kukandamiza hupungua ndani ya miezi michache baada ya mafunzo, ingawa cheti bado kinasoma miaka 2. Tengeni muda mfupi kila mwezi. Wachache walale shavasana, mwalimu asijue ni nani ataacha kuchezesha vidole. Pimeni kwa saa ya simu tangu alipopaswa kujongea hadi mikono ya mwalimu ilipogusa mto wa sponji. Lengo ni chini ya dakika 1, simu ikiwa tayari imepigwa.

Kisha kila mmoja akandamize mto kwa dakika 2 huku mwenzake akihesabu kasi. Chini ya 100 au juu ya 120, rudia.

## Hatua ya 10: Baada ya tukio

Andika siku hiyohiyo: saa alipoanguka, saa mlipoanza, nani alifanya nini, alipelekwa wapi. Maelezo haya mpe mhudumu wa afya na ndugu wa mgonjwa, usiyasambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyepiga picha mwombe azifute.

Wanafunzi walioshuhudia waite mkae pamoja, hata kama mgonjwa amepona. Wengine watakosa usingizi, na aliyekandamiza kifua cha mwenzake ambaye baadaye alifariki anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba hakumuua: moyo ulikuwa umekwisha kusimama kabla hajamgusa.

Jaza upya glovu, kinga na sukari zilizotumika kabla ya kutandika mikeka tena.